Jibu Likabidhiwe Nani

Goma, tarehe 4 mwezi wa nane 2001

Kamate mwanangu,

Nakusalimu kutoka nyumba ile ile unayoijua, karibu na kanisa kuu, ambako vumbi jeusi la mlima linaingia mpaka kwenye chumvi. Sisi tuko. Dada yako Sylvie amekuwa mtu wa kucheka peke yake jikoni, na sababu yake inaitwa Samy, mtoto wa Muzee Grégoire anayeuza mbao. Wazee wa pande mbili wameanza kuja na kwenda. Baba yako Wenceslas alikaa kwangu majuma mawili kwa ajili ya mazungumzo hayo, kisha akarudi Butembo kwa kuzungukia Uganda, maana njia ya Kanyabayonga bado ina askari wa pande mbili na kila upande una kizuizi chake.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Chabani, yule dereva wa lori anayependa kuimba, atakuletea chupa ndogo yenye kifuniko chekundu kilichofungwa kwa plasta. Ndani mna vipande vya mwili wangu.

Tulia. Nitakueleza kama darasani. Damu ya mwezi iliniacha nikiwa na miaka hamsini na miwili, na sasa nina sitini na miwili. Mwezi wa tano ikarudi, kidogo, rangi ya maji yaliyooshewa nyama. Jirani yangu Séraphine akapiga makofi: "Yaya, umerudia usichana." Nikamwambia kwamba kwa mwanamke aliyekwisha kuacha hedhi mwaka mzima, hata tone moja lazima liulizwe limetoka wapi. Mara nyingi ni jambo dogo: utando wa ndani umekonda, au kuna kinyama kinachoning'inia. Lakini karibu mara moja katika kumi ni kansa, na hakuna anayeweza kutofautisha kwa kuangalia damu.

Kwanza walinipangusa shingo ya kizazi, jibu likatoka safi, Sylvie akawasha mshumaa. Nikamwambia awashe lakini asimalize kiberiti. Aliyekagua mlango hajaingia chumbani. Nikaenda kwenye ekografi, ile mashine inayopiga picha ya tumbo. Utando wa ndani ya tumbo langu la uzazi ulikuwa na unene wa milimita kumi na nane, na mwanamke wa umri wangu hatakiwi kuzidi tano. Basi daktari akanikwangua, na alichokikwangua kiko ndani ya ile chupa, kwenye formol, dawa ya kukizuia kisioze. Hapa Goma hatuna wa kukisoma. Kwenu Kampala, kwenye labo yenu ya kupimia, yupo.

Baba yako ndiye aliyekaa kando ya kitanda changu kama garde-malade, yaani mtunza mgonjwa, kwa hiyo kwenye fomu, pale panaposema "Jibu likabidhiwe", wameandika jina lake. Fomu ile unaikumbuka. Niliitunga mimi mwaka 1974 nilipoanza kufundisha wauguzi, na nyote niliwakaririsha: jibu ni la garde-malade, kwa sababu mgonjwa hana nguvu ya kubeba mizigo miwili, ugonjwa na jina lake. Lakini wewe uko pale pale labo. Ukisikia kitu, niandikie.

Ni mimi shangazi yako, mwenye kalamu nyekundu,
Athanasie


Kampala, tarehe 1 mwezi wa tisa 2001

Shangazi yangu, mwalimu wangu,

Pokea salamu za mtu aliyenenepa kwa matoke. Usimwambie mama, atasema simkumbuki. Mvua hapa inanyesha kila saa nane mchana kama kengele ya shule, na mwenye nyumba wangu bado ananiita Bwana Congo.

Chupa ilifika Jumanne. Chabani aliikumbatia toka mpakani Bunagana. Anasema kwenye kizuizi askari mmoja alitaka kuonja, akidhani ni kanyanga, ile pombe kali. Chabani akamwambia, "Onja, muzee, ni nyama ya mwalimu." Askari akarudisha mkono.

Nimekupokea kwa heshima. Daktari akishachagua vipande, mimi ndiye ninayeviosha kwa pombe, navizamisha kwenye nta ya moto, nangoja igande, kisha nakata kwa kisu cha mashine vipande vyembamba hata ukivipulizia vinaruka. Ndipo natia rangi mbili, ya zambarau na ya waridi. Leo nimekata vyako. Sikukata vibaya, nilijiambia ni namba tu. Daktari atasoma kabla mwezi haujafika mwisho.

Barua hii nimeiandika bila kosa hata moja. Tafuta.

Kamate


Goma, tarehe 14 mwezi wa kumi 2001

Kamate mwanangu,

Makosa ni matano. Nimekurudishia karatasi, yaangalie.

Huku nyumbani hatujambo. Tarehe ya harusi imekatwa: 29 mwezi wa kumi na mbili. Sylvie amekwisha kuchagua kitambaa na kukibadilisha mara tatu. Mama yake Samy, Mama Marie-Louise, ni mwanamke wa maneno machache na yote ni maswali. Sijakusimulia siku ya kwanza ya mazungumzo, mwezi wa saba. Aliniangalia mbele ya watu wote akasema, "Shangazi, wewe hukuzaa. Ni Mungu ao ni ukoo?" Nikamjibu, "Ni bwana aliyekufa mapema, mama. Ukoo wetu unazaa mpaka majirani wanalalamika." Watu wakacheka. Baba yako hakucheka.

Alikuwa na haki kubwa ya kuuliza kuliko alivyojua. Mwanamke ambaye hakuzaa, utando wake haukupata kupumzika, mwezi baada ya mwezi miaka arobaini, na kansa ya mahali pale humpenda zaidi wa namna yangu. Hiyo ni sayansi, si laana.

Ulisema kabla mwezi haujafika mwisho. Umefika, na mwingine umefika nusu. Najua daktari wenu anatafuta nini, kwa hiyo si lazima anifiche. Mwaka 94, wakimbizi walipojaa kambi ya Lac Vert, nilikuwa naamka saa kumi na moja kwenda kuwawekea wagonjwa wa kipindupindu maji ya mshipa. Siku za kwanza hema zilikaa kwa mistari, na katikati ya hema na hema palikuwa na njia, mtu anapita na ndoo yake. Utando ulio mzima uko hivyo: vitezi vyake vina nafasi kati yao. Wakaja watu wengine, hema zikasongamana, lakini ukigeuka ubavu bado unapita. Huo ni utando uliovimba, na una dawa. Juma la tatu hema zilishikana mgongo kwa mgongo, ukuta mmoja ukitumiwa na nyumba mbili, njia haipo tena. Ukiona hivyo chini ya hadubini, umeiona kansa.

Basi niambie tu: kuna njia au hakuna?

Damu imeongezeka. Sasa ni ya kila siku.

Athanasie


Kampala, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2001

Kwa Shangazi mpendwa,

Ninakusalimu kwa upendo na heshima kubwa, wewe pamoja na dada yangu Sylvie, Mama Séraphine jirani, na wote wanaokutembelea. Mimi ni mzima wa afya. Kazi inaendelea vizuri. Hali ya hewa ni nzuri.

Kuhusu swali lako, dawa ya kutia rangi iliisha, na tunangoja nyingine kutoka ng'ambo. Kwa sababu hiyo majibu mengi yamechelewa. Usiwe na wasiwasi. Pumzika sana, usibebe vitu vizito, ule chakula chenye nguvu.

Ninawatakia maandalizi mema ya harusi. Kwa bahati mbaya sitaweza kufika.

Mtoto wako,
Kamate


Goma, tarehe 6 mwezi wa kwanza 2002

Kamate mwanangu,

Mwaka mpya umetukuta tukiosha masufuria ya watu. Harusi imepita, na imepita vizuri. Padri alihubiri kwa ufupi, jambo ambalo ni muujiza. Wajomba wa Samy walileta mbuzi mmoja aliyekataa kushuka kwenye gari, ikabidi wazee wamsihi kama balozi. Dada yako alikuwa mzuri hata Mama Marie-Louise akasahau kuuliza swali.

Unajua kazi ya shangazi siku hiyo. Ndiye anayemfunga bibi arusi kikwembe, kitenge cha kiunoni, ndiye anayemshika mkono kumtoa nyumbani kwao, anatangulia akicheza mpaka kwa wakwe, na hakai chini mpaka mama wa bwana arusi amempokea. Niliifanya. Nilivaa vikwembe vitatu, kimoja juu ya kingine, na cha ndani nikakikunja mara nne. Nilicheza toka saa nne mpaka saa nane. Hakuna aliyeona kitu.

Isipokuwa mmoja. Nilipoinua kapu la bibi arusi nilitie kichwani, baba yako alinipokonya. Nimemjua Wenceslas toka siku aliyozaliwa, na katika miaka hamsini na minane hajawahi kumpokea mwanamke mzigo. "Yaya, kaa," akasema. Nikamwuliza hapo hapo, ngoma zikilia, "Wenceslas, jibu langu liko wapi?" Akasema, "Litakuja, yaya. Kungoja hakujaua mutu." Kisha akatazama viatu vyake, viatu vipya.

Sasa nizungumze juu ya barua yako ya mwezi wa kumi na moja. Nimeisoma mara nne na kalamu nyekundu mkononi, na sikupata kosa hata moja. Nimesahihisha maandishi yako toka ukiwa na miaka kumi na minne. Ukisema jambo lililo moyoni mkono wako unakimbia, unaruka herufi, unasahau nukta. Barua ile iliandikwa polepole, pengine iliandikwa kwanza kwenye karatasi nyingine. Haina mzaha. Inanisalimia kama mkuu wa wilaya. Na inanikataza kubeba vitu vizito, wakati mimi nilikuuliza habari ya hema.

Nimewafundisha watu miaka ishirini na saba kutazama dalili ndipo waulize. Nimezitazama. Nauliza: jibu limetoka? Andika ndiyo, au hapana. Sihitaji salamu.

Athanasie


Kampala, tarehe 22 mwezi wa kwanza 2002

Shangazi,

Redio inasema mlima umepasuka, moto umeshuka mpaka ziwani, kanisa kuu halipo tena. Nyumba yako iko hatua mia mbili toka kanisani. Sijui kama naandikia mtu aliye hai. Chabani anaondoka leo kutafuta watu wake, nimemwambia akutafute Gisenyi, akutafute Sake, aulize kila mtu jina lako, walimu wanajulikana.

Ndiyo.

Lilitoka tarehe 19 mwezi wa tisa. Nililiona kabla daktari hajaandika, kwa sababu nikimaliza kutia rangi huwa naangalia kidogo. Hakuna njia, Shangazi. Hema zimeshikana. Daktari aliandika kansa ya utando wa ndani, daraja la pili, na chini yake aliandika kwamba tumbo la uzazi litolewe bila kukawia.

Papa alikuja hapa tarehe 21, alikuja kununua vitenge. Aliingia labo, akataja jina lake, wakampa bahasha. Alisoma kwenye ngazi, midomo ikitembea. Akaniuliza, "Hii neno ni ile?" Nikasema ni ile. "Inaua?" Nikamwambia wakilitoa mapema wengi wanapona. Akakunja karatasi ndogo ndogo, akaitia kwenye soksi kama pesa ya safari.

Akasema, "Mazungumuzo iko katikati. Mama ya Samy amekwisha kuuliza tumbo za kwetu. Akisikia hii, atamurudisha Sylvie mbele hajamuchukua. Na bila shangazi nani atamutoa mutoto? Tungoje harusi ipite, mwisho wa mwaka."

"Papa, ni miezi mitatu."

"Miezi mitatu ni nini kwa mutu wa miaka sitini na mbili? Na karatasi inasema ipewe nani? Soma jina."

Nikasoma. Lilikuwa lake. Akasema, "Basi wewe haukuona kitu. Endelea kutoona."

Harusi ilipopita nilimtumia ujumbe Butembo kwamba sasa tuseme. Akajibu njia ina vita, ukijua utataka kusafiri na utafia njiani, tungoje tena. Ndipo nikaelewa kwamba hangesema kamwe. Na mimi nilinyamaza. Nilijiambia nafuata ulivyonifundisha, jibu ni la garde-malade. Nilijiambia hivyo kila usiku. Uongo wa dawa ya rangi niliutunga mwenyewe, papa hakuniambia.

Kama uko hai, njoo. Kile kipande cha nta kipo, nimekiweka mahali pake, nakichungulia kila asubuhi.

Kamate wako


Sake, tarehe 10 mwezi wa pili 2002

Kamate,

Niko hai. Nimepewa chumba kwa masista wa hapa, pamoja na familia nyingine tatu. Sylvie na bwana yake wako Gisenyi, wazima. Séraphine jirani tulitoka pamoja. Ameacha vyote, ameshika saa ya ukutani, na bado hajui kwa nini aliishika.

Tulitembea na watu hata huoni barabara. Saa sita za usiku tulikaa Lac Vert, pale pale nilipokuwa nikiwawekea wakimbizi maji, na safari hii mtoto mmoja wa shule yangu ndiye aliyeniletea kikombe. Nyumba yangu iko chini ya jiwe. Vitabu, shahada, picha ya marehemu bwana yangu, madaftari ya miaka ishirini na saba. Nimejaribu kukumbuka kitu changu kimoja kilichobaki salama, na nimekipata: kile kipande cha nta, Kampala.

Chabani alinifikia tarehe 30. Alivuka juu ya moto uliokauka, soli za viatu zikanuka. Nilisoma barua yako nimesimama, maana hapakuwa na pa kukaa. Toka 19 mwezi wa tisa mpaka 30 mwezi wa kwanza ni siku mia moja thelathini na tatu. Nimezihesabu mara mbili kwa sababu sikuamini. Katika siku hizo nilifundisha, nilitwanga majani ya muhogo, nilishona mapazia ya Sylvie, nilicheza saa nne barabarani nikivuja damu, na watu wawili niliowalea walijua mimi ni nani kuliko nilivyojua mwenyewe. Baba yako nilimbeba mgongoni. Wewe nilikufundisha kushika sindano.

Moto wa mlima haukunisaliti. Haukula chakula changu kwanza.

Nitakuambia pia neno ambalo halinipendezi. Fomu ni yangu. Niliitunga nikiwa na miaka thelathini na mitano, mzima, nimesimama, mgonjwa amelala. Niliona huruma, nikadhani ni hekima. Ni wanawake wangapi jibu lao liliingia soksini kwa sababu yangu, sijui, na wao hawakujua. Lakini usijifiche nyuma ya karatasi yangu. Karatasi ilisema umpe baba yako bahasha. Haikusema unitungie uongo wa dawa ya rangi.

Nitafika Kampala juma la pili la mwezi wa tatu, kupitia Gisenyi. Nimekwisha kumwandikia daktari mwenyewe. Sylvie atakuwa garde-malade. Juma lililopita nilikwenda Gisenyi, nikamwambia yote mbele ya Samy na mbele ya Mama Marie-Louise. Unataka kujua mama yule alisema nini? Alisema, "Na walikuacha ucheze?" Kisha akaingia ndani, akaniletea kikwembe chake kipya. Huyo ndiye mtu ambaye baba yako aliogopa.

Sitalala kwako. Nitalala kwa masista. Siku nitakayofika, utaniwekea kile kioo chini ya hadubini na utatoka chumbani.

Athanasie


Kampala, tarehe 15 mwezi wa tano 2002

Shangazi,

Natumaini safari ya kurudi haikukuumiza, na kidonda kimefunga. Sylvie ameniandikia kwamba umepanga chumba Katindo na kwamba unatembea bila fimbo.

Chabani anakuletea bahasha. Ni jibu la pili, la tumbo lenyewe waliloliondoa. Kama ulivyoagiza, sikukata mimi, sikutia rangi mimi, na sikuangalia. Jina lililo juu ni lako. Tazama gundi, haijaguswa.

Papa anasema amekuandikia. Ananiuliza kila juma kama umemjibu. Sijui nimwambie nini. Amekonda, Shangazi.

Sikupata nafasi ya kusema neno ulipokuwa hapa. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wa wadi siku zote kumi na moja. Nadhani uliniona.

Kamate


Goma, tarehe 2 mwezi wa sita 2002

Kamate mwanangu,

Salamu. Katindo hakuna nafasi ya kupanda hata kitunguu, lakini naliona ziwa nikisimama juu ya kiti. Séraphine yuko nyumba ya pili. Ile saa yake imefia njiani, ameitundika hivyo hivyo. Sylvie anatapika asubuhi. Mama Marie-Louise anatembea kama aliyeshinda bahati nasibu.

Nilikuona kwenye benchi. Ulikuwa na koti lile lile siku zote kumi na moja.

Bahasha ilifika na gundi yake. Niliifungua peke yangu, mezani, kwa kisu. Nakuambia kilichomo, kwa sababu mimi sifichi. Kansa imeshuka ndani ya msuli wa tumbo, imepita nusu ya ukuta. Haijafika kwenye shingo, haijafika kwenye mifuko ya mayai. Daktari anashauri miale ya kuchoma mabaki ya kansa, na mwezi wa saba nitarudi Kampala kuipata. Wengi wa namna yangu wanapona. Si wote.

Sasa nikueleze jambo la mwisho, ulishike vizuri, maana utalihitaji kazini. Kile cha kwanza mlichokisoma mwezi wa tisa kilikuwa mkwaruzo wa juu. Mkwaruzo unaweza kusema hii ni kansa, na ya ukali gani. Hauwezi kusema imeshuka kiasi gani. Kwa hiyo hakuna hadubini duniani itakayoniambia kama siku ile baba yako alipokunja karatasi, ugonjwa ulikuwa bado juu juu, au ulikuwa umekwisha kushuka. Labda siku zile mia moja thelathini na tatu hazikubadili kitu. Labda ndizo zilizobadili. Yeye akijitetea atasema labda, na mimi nikimshtaki nitasema labda. Hicho ndicho mlichoninyang'anya. Uzima ni wa Mungu, siudai kwenu. Ninadai kujua, na hamna namna ya kunirudishia.

Shule ya wauguzi imefunguliwa chini ya turubai. Juma lililopita niliwaandikia wanafunzi fomu mpya ubaoni. Pale pa "Jibu likabidhiwe" hapana tena nafasi ya kuandika jina. Pameandikwa: mwenye mwili, mkononi mwake, ameketi, na mtu anayempenda pembeni kama atapenda. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na ile ya zamani aliitunga nani?" Nikasema aliitunga mtu mwenye akili nyingi ambaye hakuwa amewahi kuugua. Nakutumia nakala. Iweke ukutani labo.

Wewe unaweza kuniandikia. Andika haraka, na makosa yako.

Barua ya baba yako ilifika tarehe 12 mwezi wa tano. Naijua herufi yake, na kwa uzito ni kurasa nyingi. Inawezekana ameomba msamaha, inawezekana amejitetea. Sijaifungua. Iko juu ya kabati, naiona nikilala na naiona nikiamka. Nimehesabu siku mia moja thelathini na tatu toka siku ile, na zinaishia tarehe 22 mwezi wa tisa. Siku hiyo nitavaa miwani, nitakaa mezani, na nitaisoma, kama Mungu ataniacha nifike.

Mwambie angoje. Mwambie kungoja hakujaua mutu.

Athanasie